Koti la Baba Jukwaani

Kila mji mdogo ninaohamia, kitu cha kwanza ninachokitafuta ni ukumbi wake wa zamani. Nimepika katika kambi za watengeneza barabara tangu nilipomaliza kidato cha nne, na kambi hazikai. Barabara ikisogea mbele, masufuria hupakiwa kwenye lori na sisi wapishi tunapakiwa pamoja nayo. Nimeishi Rongo, nimeishi Awendo, Kehancha, Magunga. Kila mahali huwauliza wazee wa sokoni: zamani watu wa hapa walitazamia wapi michezo na sinema? Hunionyesha duka la saruji. Hunionyesha kanisa lenye spika mlangoni. Magunga walinionyesha ghala la mahindi, na nilipoingia na kusimama katikati ya magunia, nikasikia harufu ya mavi ya popo iliyochanganyika na sakafu ya vumbi iliyonyunyiziwa maji. Nikaegemea gunia. Mwenye ghala alinipa debe nikalie, akaniuliza kama nina ugonjwa wa sukari.

Harufu ile kwangu ni Rangwe, Jumapili alasiri.

Ukumbi wa Rangwe ulijengwa kabla sijazaliwa, na Mhindi mmoja aliyeutaka uwe ghala la pamba. Pamba ilipokosa bei akaweka mabenchi, akatundika kitambaa cheupe ukutani, akaanza kuonyesha sinema kwa mashine iliyonguruma kama kinu cha posho. Alipoondoka aliondoka na mashine. Mabenchi yalibaki, na pia jukwaa alilokuwa amelijenga mbele ili watoto wasikiguse kitambaa chake. Mimi sinema zile sikuziwahi. Nilichokikuta ni kikundi cha Mwalimu Okelo.

Huyu alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mwembamba kama fimbo aliyokuwa akitupigia hewani, na sauti yake haikulingana na mwili wake. Alitunga michezo mwenyewe katika madaftari ya shule. Aliichezesha kwa Kiswahili kwa sababu, alivyosema, Rangwe ni mahali pa barabara na barabara haina mwenyewe. Wakatoliki walikuja moja kwa moja kutoka misa, rozari bado mkononi. Wasabato walikuja wakisema wamefuata watoto wao tu, kisha wakasimama mlangoni mpaka mchezo ukaisha, wakaenda nyumbani na watoto wa watu wengine. Wewe wa rika langu uliyekulia njia ile huenda ulikuwa mmoja wa watoto hao.

Kabla ya Mama kuingia kikundini, wanawake wote katika michezo waliigizwa na fundi cherehani mmoja aliyejifunga kitambaa kichwani. Alikuwa na ndevu. Watu walicheka hata pale alipokuwa akimlilia mwanawe aliyekufa maji.

Mama alitoka upande wa Wakuria, kule kunakokaribia mpaka wa Tanzania. Baba alikutana naye Migori akamleta Rangwe, na nyumbani mwetu watu wawili hawa walizungumza Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha waliyokutana nayo. Nje ya mlango wetu ilikuwa Dholuo, lugha ya watu wa Baba. Mama alijifunza, lakini ulimi wake ulikuwa na njia zake, na kila alipofungua mdomo kisimani, kuna aliyecheka. Wakati mwingine walimwomba aseme tena, taratibu, ili na waliochelewa wacheke. Dani, yaani mama yake Baba, hakumcheka. Alimwita nyar Kuria, binti wa Wakuria, mpaka baada ya watoto watatu, na alizungumza naye kwa kidole: maji, kuni, pale, hapa. Kwa hiyo Mama alinyamaza. Niliamini kwa miaka mingi kwamba mama yangu ni mtu mkimya kwa kuzaliwa, kama vile watu wengine huzaliwa wafupi.

Ndiyo maana Mwalimu Okelo alipokuja kumwomba ruhusa Baba, nikadhani amekosea nyumba. Baba alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya miwa, na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi, siku mbili, tatu. Alicheka, akasema kama nyar Kuria anataka kucheza, na acheze, bora chakula kipikwe. Yeye mwenyewe hakuja ukumbini hata mara moja. Alisema akija atamtia Mama aibu. Nafikiri sasa aliogopa kuona aibu mwenyewe, lakini wakati ule niliona ni kazi tu inayomzuia, na nilimsikitikia kwa kukosa kitu kizuri hivyo.

Kwa sababu kilikuwa kizuri. Sijui nikuelezeje. Mwanamke aliyeinama kutoka asubuhi hadi jioni alipanda jukwaani kwa ngazi tatu za mbao, na katika ngazi ya tatu mgongo wake ulinyooka. Kiswahili chake kilikuwa cha mpakani, kizito na safi, na alikitumia kama mtu anayepakua chakula akijua kipo cha kutosha. Nilikaa benchi la mbele na kuwatazama watu wakimtazama.

Mchezo ninaotaka kuueleza ulihusu mjane. Wakati huo watu walikuwa wakifa sana, wakubwa hawakutuambia kwa nini, na Mwalimu Okelo alitaka kusema jambo kuhusu wajane na wale wanaowarithi. Sasa kwetu, mume akifa, mke wake huvaa koti lake. Hulivaa mbele ya watu siku ya mazishi, na koti hilo ndilo linalomwambia kila mtu kwamba huyu ni mke, huyu ni wa boma hili, kifo hiki ni chake. Na mwanamke ambaye mume wake yu hai hathubutu kujaribu. Akilivaa, ameshamlilia. Ameita kifo kwa jina la mume wake, na kitakachofuata ni chira, ile laana inayomla mtu aliyevunja mwiko, au inayomla aliye karibu naye.

Kikundi kilijua hayo. Kwa hiyo koti la mchezo lilikuwa kabuti la mlinzi wa soko, mzee ambaye hakuwa na mke wala hakuwa na nia ya kuoa. Lakini Jumapili ile mlinzi alikuwa amekwenda na kabuti lake kwa jamaa zake Homa Bay. Watu walikuwa wameshajaa. Mwalimu Okelo alitaka Mama ajifunge leso tu. Mama akaniita nyuma ya jukwaa, akaniambia nikimbie nyumbani nikamwombe Dani lile koti kuukuu la Babu, lililoning'inia jikoni. Babu alikuwa amekufa zamani, kwa hiyo koti lake halikuwa na mtu wa kumdhuru.

Nilikimbia. Nilikuwa na miaka minane na nilikuwa nimetumwa na jukwaa lenyewe.

Dani hakuwepo, alikuwa amekwenda kusuluhisha ugomvi wa mbuzi kwa jirani. Nikaingia jikoni na kulishusha koti la Babu. Lilikuwa jeusi kwa moshi, mkono mmoja umeliwa na panya, na kutoka mfukoni kukadondoka kitu ambacho kilikuwa kiota. Nililishika kwa mbali. Nikamwona Mama akilini mwangu akipanda ngazi zile tatu akiwa ndani yake, na watu wakicheka kama walivyomcheka fundi cherehani, kama walivyocheka kisimani.

Katika nyumba yetu kulikuwa na sanduku la bati, na ndani yake koti la Baba, la kahawia, alilolivaa siku alipokwenda kuonekana kwa wakwe. Lilikuwa na vifungo vitatu. Viwili vilikuwa vya kahawia na cha chini kilikuwa cha bluu, kwa sababu cha asili kilipotea na Mama akashona alichokipata.

Mila niliijua kama mtoto anavyojua kwamba jiko ni moto. Lakini nilidhani mila inakaa nyumbani. Nilidhani ukumbini kuna sheria nyingine, kwa sababu nilikuwa nimewaona watu wakifa pale na Jumatatu wakauza mafuta ya taa. Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo sikumwambia mtu kwa miaka zaidi ya thelathini: niliona kwamba kama Baba hawezi kuja kumwona Mama, basi koti lake lije. Nililikunja, nikalibana kwapani, nikarudi mbio.

Nyuma ya jukwaa kulikuwa na giza la popo. Mama alinyoosha mkono bila kuniangalia, akalipokea. Nikaenda benchi langu.

Siwezi kukwambia alisema nini siku ile. Sikusikia neno hata moja, nilikuwa nikilitazama koti. Lilimfika chini ya mapaja, mikono ikaficha vidole vyake, na alipotembea likamfuata kwa kuchelewa kidogo, kama kuna mtu mwingine ndani. Ninachokumbuka ni kwamba ukumbi ulinyamaza. Watoto wachanga walinyamaza. Wasabato mlangoni waliingia ndani hatua mbili bila kujua. Kisha katikati ya kimya kile mwanamke mmoja wa ukoo wetu akasimama, akajitanda kanga, akatoka akiwapita watu magotini. Nilimwonea huruma kwamba amebanwa na haja na atakosa mwisho.

Tulipofika nyumbani Dani alikuwa ameketi mlangoni kwetu na sanduku la bati liko wazi mbele yake. Hakugomba. Alichukua koti kutoka mkononi mwa Mama kwa ncha ya fimbo.

Baba alikuja mwisho wa mwezi. Akaitwa kwa Dani akakaa huko muda mrefu, kisha akatoka akicheka, akaliomba koti, akalivaa mchana ule kwenye jua kali na kutembea nalo hadi sokoni na kurudi. "Mama, nitazame," alimwambia Dani. "Koti ni koti. Mimi ni mzima." Kisha akakohoa, akaegemea ghala letu la mahindi mpaka kikapita. Alikuwa akikohoa tangu zamani. Lakini kikohozi cha kabla ya Jumapili ile hakikuwa na jina, na cha baada yake kilikuwa na jina, na kila mtu alilijua.

Alikufa kabla mahindi hayajakauka.

Asubuhi ya mazishi wazee wa ukoo walikaa uani, wanaume kwenye viti, wanawake chini. Mimi nilikuwa chini ya ghala na wadogo zangu. Dani alisimama akiwa ameshika koti. Aliuliza kwa Dholuo, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza nani ameacha lango wazi, koti hili lilitokaje sandukuni.

Nilijua jibu. Nilikuwa mtu pekee pale uani aliyelijua, hivyo ndivyo nilivyodhani. Nilifungua mdomo, kisha nikauficha nyuma ya kichwa cha mdogo wangu. Mama aligeuka akaniona. Alinitazama kwa muda ambao sijawahi kuutosheleza kwa maelezo yoyote, kisha akageuka kwa wazee na kusema, kwa Dholuo yake mbovu, na siku hiyo hakuna aliyecheka: "Nililichukua mimi."

Mzee mmoja akasema basi apewe alivae, mambo ya chira yatatengenezwa baadaye, mtu hawezi kuzikwa mkewe akiwa uchi wa koti.

"Amekwisha kulivaa," Dani alisema. "Mtu humlilia mumewe mara ngapi?"

Akaingia ndani na kumvalisha Baba. Alizikwa nalo, kile kifungo cha bluu kikionekana. Mama alisimama kaburini kwa gauni lake, mikono imemning'inia, na watu waliotoka mbali waliulizana yule ni nani. Hakukuwa na haja ya kumfukuza. Mwanamke asiye na koti hana chola, yaani hana matanga yake, na asiye na matanga hakuwa mke, na asiyekuwa mke nyumba ile si yake. Wadogo zangu wawili walikuwa wavulana, walibaki na Dani. Mimi nilikuwa msichana, wakasema naweza kwenda na mama yangu. Tukashuka Migori na sufuria mbili na godoro.

Watu hupenda kusema kwamba video ndiyo iliyoua michezo katika miji yetu. Huenda kwingine. Pale Rangwe, baada ya kaburi lile, hakuna mume aliyemruhusu mke wake kupanda ngazi zile tatu, na Mwalimu Okelo akarudi kwa fundi cherehani mwenye ndevu, na watu wakachoka kumcheka. Alikuja Migori mara moja kumwomba Mama radhi. Mama alimpa chai, akamsikiliza, akamwambia achunge viatu vyake, kuna matope. Mwaka uliofuata ukumbi ukapangishwa kwa mtu wa televisheni, kisha kwa kanisa, na sasa hivi wanauza mabati.

Mama alipika katika hoteli moja ya Migori mpaka miguu ikakataa. Sikumsikia tena akizungumza kwa sauti ile ya jukwaani. Nilimtumikia kama mtu anayelipia kitu. Nilipokuwa mkubwa nikawa siwezi kukaa naye zaidi ya siku tatu, nikachagua kazi inayohama, na kila nilikohamia nilituma chochote nilichopata, kwa sababu mama yangu alikuwa amesema uongo mmoja mbele ya wazee ili kuniokoa, na bei yake ilikuwa nyumba, na wanawe wawili, na jina. Nimeachana na wanaume wawili wazuri kwa sababu sikuweza kuwaambia kwa nini siwezi kufungua sanduku la mtu.

Mwaka huu, kambi yetu ilipovunjwa, nikapita kwake kabla ya kwenda inayofuata. Alikuwa ameketi kitandani akichagua maharagwe kwenye ungo. Begi langu lilikuwa bado begani. Sijui kilichonisukuma. Nikamwambia.

"Mama, lile koti nililileta mimi. Nililiona la Babu nikaliacha. Wewe ukabeba lawama yangu."

"Lawama gani?" Hakuinua macho.

"Uliwaambia wazee ulilichukua wewe."

"Si nililichukua? Wewe ulileta tu." Akatupa jiwe dogo mlangoni. "Kifungo nilikishona kwa mkono huu. Unafikiri sikukigusa kwenye giza lile nikakijua?"

Nilimwuliza, basi hakuijua mila? Nilitaka sana aniambie hakuijua. Alicheka kidogo, akasema dani yangu alimfundisha mila kabla ya kumwonyesha njia ya kisima.

"Kwa nini basi, Mama?"

"Okelo aliniambia nitoke na leso. Nikaweka mkono kwenye koti nikasikia ni la kweli." Sasa aliacha maharagwe. "Miaka kumi na moja nimekaa kwenye boma lile. Nikisema maji, wanacheka. Nikisema mtoto ni mgonjwa, wanacheka kwanza. Nilijua nikitoka na koti la kweli, hawatacheka. Na hawakucheka. Uliwasikia?"

"Tulipoteza nyumba."

"Tulipoteza."

"Na Baba?"

"Baba yako alitema damu tangu Krismasi. Nani alikuwa anafua vile vitambaa, koti? Ningewaambia damu, wangeniuliza damu ya nini, na wangemzika kama walivyowazika wale wengine waliokuwa wakifa, kwa haraka, bila kula. Kufa kwa koti kulikuwa na heshima yake kidogo."

Nikamwambia nimetembea miaka yote hii nikijua ni mimi niliyemuua Baba na kumfukuza yeye. Nikamwambia wadogo zangu hawamjui, mmoja amezeeka kuliko mimi kwa pombe. Nikamwambia angeweza kusema neno moja tu, wakati wowote, jioni yoyote, tukimenya viazi.

"Hukuniuliza," akasema.

Nikageuka kutoka. Nilikuwa nimeshika mlango, na nje dereva wa boda boda niliyekuja naye alikuwa akinipigia honi. Nyuma yangu nikasikia ungo ukiwekwa chini na kitanda kikilia. Alikuwa amesimama. Miguu ile iliyokataa ilikuwa imesimama, na mgongo umenyooka, na alikuwa akitazama juu ya kichwa changu, pale ambapo mabenchi ya nyuma yangekuwa. Ndipo nikayasikia kwa mara ya kwanza maneno ambayo sikuyasikia nilipokuwa na miaka minane.

"Mmekuja kumlilia huyu," alisema, kwa sauti ya chini iliyofika kila kona ya chumba, "au mmekuja kunigawana mimi? Maana machozi nayaona, na kisu pia nakiona."

Hakukwama hata kwenye sentensi moja. Aliwageukia mashemeji ambao hawakuwepo, mmoja mmoja. Aliinama juu ya maiti ambayo ilikuwa ungo wa maharagwe. Honi nje ilinyamaza, dereva alikuwa amekuja kusimama dirishani na kofia yake mkononi. Nilitaka kuondoka nikiwa ningali na hasira yangu nzima, isiyopunguzwa, kwa sababu nilikuwa nimeilipia. Nikasimama pale na begi langu begani mpaka alipomaliza.

Alikuwa bado hodari. Hilo ndilo ninaloshindwa kumsamehe.